Kibanda cha kuotea kulungu: kuchagua kitakachodumu, kukisimamisha na kukitunza

Kibanda cha kitambaa cha kuotea kulungu huuawa na jua, theluji, upepo, panya, na mkono wa mwenyewe unaokilazimisha kukunjika. Picha za majani zilizochapwa juu yake, ambazo ndizo hujaza boksi na tangazo, hazizuii hata kimoja kati ya hivyo. Mwongozo huu ni wa anayewinda kulungu mkia mweupe Marekani, awe Minnesota kwenye baridi kali, Kentucky kwenye vilima vya miti au Texas kwenye kichaka kikavu, na anataka kununua mara moja akae nacho miaka. Vipimo vingi vimetajwa kwa inchi na sentimita pamoja, kwa kuwa lebo za madukani kule ni za inchi.

Hatua ya 1: Amua kitakaa wapi, na siku ngapi

Anza hapa kabla hujaangalia bei. Kibanda unachobeba mgongoni alfajiri na kurudi nacho jioni, na kile kitakachokaa shambani toka Septemba msimu wa upinde unapofunguliwa hadi Januari, ni vitu viwili tofauti. Hakuna kitambaa kinachofanya kazi zote mbili vizuri. Poliesta ikipigwa na jua kila siku hupauka kwanza, kisha uzi hukakamaa, kisha siku moja unavuta zipu na kitambaa kinachanika pembeni yake kama gazeti. Paa na ukuta wa kusini ndio hutangulia, maana huko kaskazini mwa dunia jua la Novemba hupita chini chini upande wa kusini mchana kutwa.

Kwa hiyo ukiwa na ardhi yako, au ya rafiki aliyekuruhusu, na unataka kibanda kikae hapo hapo msimu mzima, usinunue cha kitambaa ukitegemea kitavumilia. Nenda kwenye kibanda cha kuta ngumu, au kile cha umbo la robota la nyasi chenye fremu ya chuma. Ukiwinda ardhi ya umma, kibanda cha kukunja karibu ndilo chaguo pekee, kwa sababu maeneo mengi ya umma hayaruhusu kibanda kilale porini, na yanayoruhusu mara nyingi hudai kiwe na jina au namba ya mwenyewe.

Sheria ziangalie sasa, maana zinagusa unachonunua. Wakati wa msimu wa bunduki, majimbo kadhaa yanataka kibanda kionyeshe rangi ya chungwa inayowaka ili wawindaji wengine wakione. Iowa, na Wisconsin kwenye ardhi za idara ya maliasili ya jimbo, kipimo ni inchi 144 za mraba zinazoonekana kutoka kila upande, yaani kipande cha takriban sentimita 30 kwa 30. Minnesota nayo ina kanuni yake kwa vibanda vya kitambaa kwenye ardhi ya umma. Kanuni hubadilika, hivyo soma kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huo huo. Shona au bana vipande vinne, kimoja kila ukuta, na kingine juu ya paa. Usihofu kwamba rangi hiyo itamfukuza mnyama: jicho la kulungu halitofautishi vizuri chungwa na kijani. Anachokiona vizuri kuliko sisi ni bluu na mwanga wa urujuanimno, ndiyo maana nguo iliyofuliwa kwa sabuni yenye dawa ya kung'arisha humshtua hata kama ina picha za majani.

Kuna pia cheti cha mafunzo ya uwindaji. Wisconsin inakidai kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, Kentucky tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, Texas tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, na Minnesota kwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979. Aliyehamia ukubwani naye hakwepi kwa sababu alizaliwa Bukavu au Mombasa.

Hatua ya 2: Pima mwili wako na silaha yako

Watu wengi hununua kwa kuangalia "watu wawili" au "watu watatu" kwenye lebo. Hesabu hiyo ni ya watu waliokaa kimya bila upinde. Pima mwenyewe nyumbani, dakika kumi zinatosha, mtu mmoja akusaidie kushika utepe.

Kaa kwenye kiti kile kile utakachotumia porini. Vuta upinde mpaka mwisho, ukiwa na mshale ndani lakini chembe (kichwa cha chuma chenye makali) umeiondoa, na upinde umeelekezwa mahali salama. Msaidizi apime urefu kutoka sakafuni hadi ncha ya juu ya upinde, kutoka sakafuni hadi kwenye mshale, kutoka sakafuni hadi kwenye jicho, kisha umbali wa mlalo kutoka kiwiko cha nyuma hadi ncha ya mshale. Kwenye kimo ongeza sentimita 15, na kwenye huo umbali wa mlalo ongeza 30. Hivyo ndivyo vipimo vya ndani unavyovihitaji.

Kwa upinde wa roda wa siku hizi, kibanda chenye kimo cha inchi 66 hadi 70 (sentimita 168 hadi 178) hutosha watu wengi. Upinde wa asili wa mti, wenye urefu wa inchi 60, nusu yake ya juu peke yake ni sentimita 76. Ukiushika mbele ya kifua ukiwa umekaa, ncha inakaribia sentimita 175 kutoka ardhini. Mwenye upinde huo anahitaji kibanda cha inchi 76 au zaidi, la sivyo ncha itagonga paa wakati wa kuachia na mshale utaenda unakotaka wenyewe. Anayetumia upinde wenye kitako cha bunduki aangalie upana wa dirisha badala ya kimo cha paa. Mikono ya upinde ule hufunguka kwa nguvu, na ikigonga ufito au ukingo wa dirisha huvunja kimojawapo. Mwenye bunduki ana nafuu, ila ahakikishe mdomo wa mtutu utatoka nje ya dirisha. Mlipuko ndani ya kibanda huumiza masikio vibaya, na moto wa mdomoni huchoma kitambaa.

Sasa tahadhari na lebo. Namba kubwa iliyoandikwa mbele, mathalani inchi 75, ni umbali kati ya kitovu (kiungo cha katikati zinapokutana fito) cha ukuta mmoja na kitovu cha ukuta wa pili, pale kuta zilipobinuka kwenda nje. Sakafu ya kibanda hicho hicho inaweza kuwa inchi 58 kwa 58 tu, yaani chini kidogo ya mita moja na nusu. Miguu ya kiti inakaa sakafuni, kwa hiyo tafuta namba ya sakafu. Kwa mwindaji mmoja wa upinde, mita moja na nusu ni kiwango cha chini kabisa. Kwa wawili, au mzazi na mtoto, tafuta sakafu ya inchi 70 na kuendelea.

Hatua ya 3: Chagua aina

Vya vitovu ndivyo vinavyotawala soko. Kila ukuta una fito nne zinazotoka kwenye kitovu kimoja katikati na kwenda pembe nne, na paa vivyo hivyo: vitovu vitano, fito ishirini. Ukivuta kitovu nje, kinapita katikati na kujifunga kwa mvutano wa kitambaa. Vina uzito wa kilo 6 hadi 13. Vya chini ya kilo 7 vimepata wepesi huo kwa kupunguza unene wa fito na wa kitambaa, hivyo wepesi usikuvutie peke yake.

Vya waya wa springi, vinavyokunjwa kuwa duara, ni rahisi na vyepesi, lakini kuta zake hupepea kwenye upepo, na kitambaa kinachopepea kinamwambia kulungu kila kitu. Ni vya dharura. Pazia la kitambaa lenye vigingi vitatu au vinne hudumu sana kwa kuwa halina cha kuvunjika, ila halikufichi juu wala nyuma, na halizuii mvua.

Vya umbo la robota la nyasi vina fremu ya mabomba ya chuma na turubai la rangi ya majani makavu. Vinafaa sana mashamba ya mahindi na soya ya katikati mwa Marekani, ambako marobota ni sehemu ya mandhari. Ni vizito, havihami, lakini fremu hukaa miaka na unabadilisha turubai tu likichakaa.

Vya kuta ngumu hutengenezwa kwa plastiki nene iliyofinyangwa kipande kimoja, au faibaglasi, au paneli zenye kizuia baridi. Bei huanzia karibu dola 1,000 na kupanda hadi maelfu kadhaa. Kabla hujatoa hela hiyo, fikiria kujijengea kwa mbao. Kibanda cha futi 4 kwa 6 chenye kimo cha futi 6 na nusu kinahitaji mbao za nne kwa nne zilizotiwa dawa, mbili za futi 8, ziwe magongo ya kukokotea chini. Fremu ni ya mbao za mbili kwa nne. Plaiwudi ya nje ya nusu inchi, karatasi sita: tano za kuta na moja ya sakafu. Juu weka bati lililozidi ukuta kwa sentimita 15 kila upande, na mteremko uelekee nyuma ili maji na theluji visidondoke mbele ya dirisha. Tumia skrubu, misumari hulia baridi ikikaza mbao. Paka rangi ya mafuta isiyong'aa kingo zote za plaiwudi, maana maji huingilia ukingoni na karatasi huanza kufumuka tabaka kwa tabaka. Sakafuni tandika kipande cha zulia kuukuu. Buti kwenye plaiwudi tupu husikika mbali.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kulipa

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha kibanda cha dola 100 na cha dola 300, na wakati mwingine inaonyesha kwamba cha 300 hakistahili. Omba kifunguliwe dukani. Wakikataa, nunua penye ruhusa ya kurudisha ukikagulie nyumbani.

Anza na vitovu. Cha bei ya chini ni plastiki nyembamba, na ufito umechomekwa kwa gundi tu. Shika ufito karibu na kitovu, uzungushe taratibu na kuusukuma pembeni. Ukisikia kucheza, au ukiona weupe kwenye plastiki ya tundu, hapo ndipo patapasuka kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ambapo plastiki hupoteza ulaini. Kitovu kizuri ni cha alumini au cha plastiki nene iliyofungwa kwa skrubu unazoweza kuzifungua ili ubadilishe ufito mmoja. Kama kimepigwa ripiti, ufito mmoja ukivunjika unatupa kitovu kizima. Angalia pia ugwe wa kuvutia uliopo kwenye kitovu: uwe mkanda mpana ulioshikwa na kitovu chenyewe, si ulioshonwa kwenye kitambaa peke yake.

Kisha fito. Faibaglasi isiyo na uwazi ndani, kipenyo cha milimita 9.5 kwenda juu, ndiyo ya kudumu. Milimita 11 ni bora zaidi. Za milimita 8 zinakubalika kwa kibanda kidogo kisichoona theluji. Ncha za fito ziwe zimevalishwa kofia ya chuma. Ncha tupu ya faibaglasi hutoboa mfuko wa pembeni, na pembe ndiyo sehemu inayochanika mapema kuliko zote. Geuza kibanda ndani-nje uone pembe zake: kila moja iwe na kiraka cha ziada cha kitambaa kinene, mshono wa mistari miwili au mitatu, na nyuzi zilizofungwa mwanzo na mwisho.

Kitambaa hupimwa kwa denia, ambayo ni uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Vya bei ndogo ni 150, vya kati 300, vizito 600. Chukua 300 kama kiwango cha chini, na 600 kama kitakaa nje wiki kadhaa mfululizo. Denia si kila kitu, kwani kitambaa kinene chenye msuko mlegevu huvuja mwanga na maji. Ingia ndani mchana, funga kila dirisha, subiri jicho lizoee giza, kisha angalia kuta. Ukiona vidoto vya mwanga kama nyota kwenye kitambaa chenyewe, upako ni mwembamba. Mwanga kwenye mishono ni wa kawaida, huo utauziba. Kwaruza upako mweusi wa ndani kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukitoka kama masizi, baada ya kukunjwa mara kadhaa utakuwa na mistari myeupe ndani, na mwanga huo ndio utakaokuchora kivuli mbele ya mnyama.

Madirisha yana njia tatu za kufungwa. Zipu huziba vizuri lakini hupiga kelele, na mchanga na barafu huikwamisha. Velikro ina mlio mbaya kuliko zipu, iepuke kwenye dirisha la kupigia. Kulabu na ugwe wa mpira, au vifungo vya mti, hazina sauti na mtu aliyevaa glavu anaziweza. Chagua zisizo na zipu kwa madirisha, na zipu iwe ya mlango tu, yenye meno makubwa, namba 8 au 10. Meno membamba ya namba 5 kwenye mlango ni dalili kwamba mtengenezaji alibana senti mahali pabaya. Fungua na ufunge mlango mara ishirini bila haraka. Zipu inayokwama dukani haitapona porini.

Vyandarua vya kuonea upande mmoja vimekuja kwa kasi miaka hii: ukiwa ndani unaona nje, aliye nje haoni ndani. Vinapunguza kazi ya kufungua madirisha, ila vinahitaji ndani kuwe giza kweli, na hupunguza mwanga wa alfajiri na magharibi, saa ambazo kulungu hutembea zaidi. Pia vikikwama kwenye miba vinafumuka. Wavu wa kupiga mshale kupitia ni kitu kingine. Mshale wenye chembe isiyobadilika umbo unapita sawa kwa umbali mfupi, lakini chembe ya kufunguka yenyewe inaweza kufunguka kwenye wavu, na mshale ukapotea njia. Risasi usiipitishe kwenye wavu wala kitambaa.

Mwisho hesabu kamba na vigingi. Wanaotoa kamba nne na vigingi nane vyembamba kama misumari wanatimiza desturi tu, hivyo utavibadilisha. Mkoba uwe mpana. Mkoba unaobana hufanya watu walazimishe kibanda kuingia, na fito nyingi huvunjikia hapo, nyumbani, kwenye sakafu ya gereji.

Hatua ya 5: Kitayarishe kabla ya kukipeleka porini

Kisimamishe uani wiki mbili au zaidi kabla ya msimu. Kitambaa kipya hunuka kemikali ya upako, na pua ya kulungu haihitaji maelezo. Fungua madirisha yote upepo upite, na mvua ikinyesha ndiyo vizuri zaidi.

Kikiwa kimevutika, pita mishono yote ya paa kwa gundi ya mishono ya mahema, upande wa ndani, kwa brashi ndogo, tabaka jembamba, na uache saa 24. Zipu ya mlango isugue mshumaa usio na harufu. Vigingi vya kiwandani weka kando na utafute vya nondo ya milimita 10, urefu wa sentimita 40, vilivyopindwa kichwa kama bakora. Viwe vinne vya pembe na vinne vya kamba. Kwenye ardhi iliyoganda Novemba vigingi vya plastiki haviingii hata nusu, na kwenye mchanga wa Texas vyembamba hung'oka vyenyewe. Huko tumia vile vya kuzungusha kama parafujo.

Jifunze kufungua na kufunga mpaka mkono uzoee gizani. Kwa vibanda vingi vya vitovu, unakilaza ubavu, unavuta kitovu cha paa kwanza, unakisimamisha, kisha unavuta kuta moja baada ya nyingine. Vuta ugwe moja kwa moja kwenda nje, mguu ukikanyaga sketi ya chini, yaani ukingo wa kitambaa unaolala ardhini. Usisukume ufito wala usibonyeze pembe, maana ufito ukipindwa katikati ndipo hupasuka kwa urefu. Kufunga ni kusukuma vitovu vya kuta ndani, kisha paa, ukikusanya fito kama mwavuli. Maelekezo ya mtengenezaji yakitofautiana na haya, fuata yake. Kwenye baridi kali fanya polepole zaidi.

Hatua ya 6: Mahali na kusimamisha

Upepo utoke kwa kulungu kuja kwako. Madirisha ya nyuma yafunge yote, kwa sababu mbili: harufu isipite moja kwa moja, na usionekane kivuli kati ya matundu mawili yanayotazamana. Kama unaweza, elekeza dirisha la kupigia kaskazini. Jua la vuli halitaingia ndani saa yoyote. Linalotazama mashariki litakumulika uso asubuhi nzima.

Mwenye upinde asimamishe mita 18 hadi 25 kutoka kwenye njia ya wanyama, mwenye bunduki mita 60 na zaidi. Nyuma pawe na mti mnene, kichaka au gogo, kibanda kisisimame peke yake dhidi ya mbingu. Kwenye kilele cha mwinuko usiweke kabisa.

Ondoa majani makavu na vijiti eneo lote la sakafu mpaka udongo tupu. Hapo utasogeza mguu bila sauti. Piga vigingi vya pembe kwa mlalo, kichwa kikiegemea mbali na kibanda, kisha funga kamba kutoka kila kitovu cha ukuta hadi kigingi kilicho mita moja na nusu nje, au kwenye shina la mti. Usipuuze kamba. Ukuta wa mita tatu za mraba ukipigwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa unasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 50. Bila kamba, ukuta unaopokea upepo huingia ndani kwa mshindo, kitovu kinageuka, na fito mbili zinakatika papo hapo.

Kisha kifunike. Vitanzi vilivyoshonwa nje ni vya kuchomekea matawi, nyasi na mabua ya pale pale. Funika zaidi ya nusu ya kuta, na hasa vunja mstari wa paa na pembe, maana umbo la boksi ndilo linalomshtua mnyama. Usichomeke miiba wala tawi linalosugua kitambaa upepo ukivuma. Wiki moja ya kusugua hutoboa. Kwenye ardhi ya umma, tumia matawi yaliyoanguka, kukata miti mibichi mara nyingi ni kosa. Ukikiacha hapo wiki mbili au tatu kabla ya kuwinda, kama inaruhusiwa, kulungu wa eneo watakizoea. Ukikisimamisha asubuhi ile ile, jifiche ndani ya kichaka zaidi na usitegemee uwanja wa wazi.

Hatua ya 7: Ndani

Vaa nyeusi kuanzia kofia hadi glavu, na ufunike uso. Nguo za picha za majani zinang'aa ndani ya giza la kibanda. Ila msimu wa bunduki vaa chungwa kama jimbo lako linavyodai hata ukiwa ndani, na unapotoka na kuingia usiivue kamwe. Fungua dirisha moja, mawili yakizidi, na kwa upana unaohitaji tu. Kaa nyuma kadiri upinde unavyoruhusu.

Sasa jambo linaloharibu vibanda na kupoteza wanyama kuliko yote: jicho liko juu ya mshale. Unaona mnyama vizuri kupitia dirisha, unaachia, na mshale unapiga ukingo wa chini wa kitambaa. Kwenye bunduki, darubini iko sentimita nne hivi juu ya mtutu, na hali ni ile ile: darubini inaona kulungu, mtutu unaona fremu ya dirisha. Jaribu bila risasi wala chembe. Lenga kila upande utakaopiga, huku mwenzako akiangalia kwa ubavuni kama mshale au mtutu umepita ukingo kwa angalau sentimita 8. Haupiti? Pandisha kiti, au shusha ukingo. Kiti chenye miguu inayorefushwa mmoja mmoja kina thamani yake hapa, kwa sababu ardhi ya porini haiko sawa.

Hita ya gesi: poliesta huyeyuka haraka, na kaboni monoksidi haina harufu. Acha tundu chini na jingine juu, hita ikae nusu mita kutoka ukutani, na usilale ikiwaka. Anayejua atasinzia asiiwashe.

Hatua ya 8: Theluji, matengenezo na kuhifadhi

Theluji mpya kavu, kina cha sentimita 15 juu ya paa la mita moja na nusu kwa moja na nusu, ina uzito wa kilo 30 na kitu. Ikiloa hufika kilo 100, na hakuna paa la vitovu linalobeba hiyo. Utabiri ukisema theluji usiku, kiangushe ukirudi nyumbani. Kama lazima kibaki, simika nguzo ya mbao ndani chini ya kitovu cha paa, kichwani imefungwa kitambaa. Theluji iliyokwisha kulala iondoe kwa kusukuma paa kutoka ndani kwa mkono wazi. Usiikwangue kwa koleo.

Beba kifuko cha matengenezo: kipande cha bomba la alumini cha sentimita 15 lenye upana wa kuingia ufito, utepe wa kubandikia wa nguo, sindano kubwa na uzi wa poliesta, kiraka cha kitambaa cha sentimita 20 kwa 20, na vibanio vichache vya plastiki. Ufito ukivunjika, ingiza bomba pale ulipokatika na uzungushie utepe. Utamaliza msimu. Usiguse faibaglasi iliyopasuka kwa mkono mtupu, vibanzi vyake huingia kwenye ngozi na kutoka ni kazi. Tundu dogo la kitambaa libandike ndani na nje siku hiyo hiyo, kwa sababu mvutano wa kitambaa hulipanua kila unapokifungua.

Msimu ukiisha, osha kwa maji tupu na brashi laini. Sabuni yenye dawa ya kung'arisha usiitumie kabisa. Anika kivulini kikiwa kimesimama mpaka mishono na sketi ya chini zikauke, kwa kuwa ukungu huanzia pale chini palipogusa udongo. Kisha kikunje bila kukibana na ukitundike juu ukutani, au kiweke kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Kwenye sakafu ya gereji panya watakipata kabla ya Machi. Kabla hujakitundika, pima urefu na kipenyo cha ufito mmoja wa paa na mmoja wa ukuta, maana mara nyingi havilingani, uandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mkoba, na uagize vya akiba viwili viwili wakati modeli hiyo bado inauzwa.